Soli Isiyo na Vumbi: Kisa cha Fundi wa Sare na Miezi 11 ya Ushauri wa Marekebisho, Kisumu

Kuhusu kisa hiki

Kisa kilitokea Kisumu. Jina la mhusika, mtaa wake, soko lake na hospitali tulikokutana nimeviacha nje, na mambo madogo ya familia nimeyabadilisha ili asitambulike. Yeye mwenyewe nilimsomea maandishi haya. Aliniomba niondoe jambo moja, nikaliondoa. Mengine akasema yabaki, hasa lile la choo, "maana hakuna anayelisema."

Humu nitamwita Fundi. Ndivyo walivyomwita sokoni kabla ya ajali, na ndivyo wanavyomwita sasa. Katikati ilipita miezi mingi ambapo alikuwa "yule mama wa ajali" au "mgonjwa wetu", na jina la kazi yake halikutajwa na mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Ninawaandikia washauri nasaha wenzangu, wahudumu wa afya ya jamii, na familia zilizo na mtu aliyepata ulemavu ukubwani. Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kama ushauri wa marekebisho, yaani ule wa kumsaidia aliyepata ulemavu arudi kwenye maisha yake, ambao wengine huuita utengamao, unasaidia kweli au ni maneno matupu. Kwa vikao sita vya kwanza na Fundi niliamini unasaidia, na karatasi zangu ziliniunga mkono. Wakati huohuo mguu wake wa bandia ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango.

Alikotoka

Fundi ana miaka 38 na watoto watatu. Kwa miaka 14 alishona sare za shule katika kibanda cha kukodi sokoni, kwa cherehani ya kukanyaga, na msaidizi mmoja anayemwongeza Januari shule zinapofunguliwa. Mume wake ni mlinzi Nairobi. Hurudi mwisho wa mwezi akipata ruhusa. Nyumbani anaishi na mama mkwe, ambaye watoto humwita dani, nami nitamwita hivyohivyo. Alikuwa pia katika chama cha akina mama 12 wa sokoni, kila mmoja akitoa shilingi 500 kila Ijumaa, na zamu ikizunguka.

Jioni moja alipanda bodaboda kurudi nyumbani, lori likawagonga. Mguu wa kulia ulipondeka kuanzia kifundoni, na siku ya nne ukakatwa chini ya goti kwa sababu kidonda kilikuwa kimeingia maambukizi. Goti lilibaki. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu aliyebakiwa na goti hutembea na mguu wa bandia kwa nguvu chache sana kuliko aliyekatwa juu yake. Lakini hakuna aliyemwambia. Aliruhusiwa kwenda nyumbani baada ya wiki tatu akiwa na dawa, bendeji na tarehe ya kurudi kliniki.

Nyumbani dani alimtandikia kitanda kizuri, akamwekea mto chini ya goti ili kigutu kisiumie. Ulikuwa upendo mtupu. Mto ule ulikaa pale mchana na usiku kwa wiki sita, na goti likakakamaa likiwa limekunjwa. Alipofika kupimwa mguu wa bandia, fundi wa viungo alimtazama na kumwambia mguu hauwezi kuvalishwa goti lisiponyooka. Akatumwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye alimkuta analia bila sauti kwenye benchi, akamleta kwangu akimshika mkono.

Kama una mgonjwa wa namna hii nyumbani, toa huo mto leo. Mguu unyooke akilala, na kila siku alale kifudifudi kidogo kama daktari hajamkataza. Nimeona watu wanne waliocheleweshwa na mto.

Vikao sita vya mwanzo

Tulianza mwezi wa tatu baada ya ajali. Nilitumia dodoso la PHQ-9, lile la maswali tisa kuhusu huzuni, usingizi, hamu ya kula, uchovu na mengineyo, ambalo alama zake huanzia 0 hadi 27. Alipata 18. Kuanzia 10 mtu huhitaji kuangaliwa kwa makini. 18 ni mzigo mzito.

Swali la tisa huuliza kuhusu mawazo ya kujidhuru au kuona afadhali ufe. Alijibu kwamba siku kadhaa alikuwa akitamani asiamke. Sikulizunguka. Nilimuuliza waziwazi kama ana mpango, akasema hana, na kwamba anawafikiria watoto. Tulikubaliana dawa zote zikae kwa wifi yake, arudi baada ya siku tatu badala ya wiki mbili, na siku hiyohiyo aonane na daktari wa kliniki ya afya ya akili. Wenzangu wengine huogopa swali hili wakidhani wanampa mtu wazo. Fundi aliniambia baadaye kwamba siku ile ndiyo alijua namsikiliza.

Lililomtesa zaidi usiku lilikuwa maumivu ya mguu usiokuwepo. Alihisi vidole vya kulia vimekunjwa na kuungua. Dani alikuwa na maelezo yake: mguu ulizikwa vibaya, vidole vikiwa vimejikunja, ufukuliwe unyooshwe. Kulikuwa na mazungumzo ya kumlipa mtu wa kufanya kazi hiyo.

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kuanza na maumivu na usingizi kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu mtu asiyelala hawezi kupanga kesho. Sikumbishia dani. Nilimweleza Fundi kwamba ubongo una ramani ya mwili, na kwamba mguu ukiondoka ramani haifutiki mara moja. Bado hutuma na kungoja habari kutoka kwenye vidole. Kisha tulijaribu zoezi la kioo: unaweka kioo kati ya miguu, unatazama mguu mzima ukijionyesha mahali pa ule uliokatwa, unakunja na kukunjua vidole polepole kwa dakika 15. Halimsaidii kila mtu. Kioo kilichotumika kilikuwa kile cha kibandani kwake, ambacho wateja hujitazamia wakijaribisha nguo; msaidizi wake alikileta nyumbani kwa tuktuk. Kufikia wiki ya tatu alikuwa akilala saa tano mfululizo, na habari ya kufukua mguu ikafa yenyewe.

Goti nalo lilinyooka baada ya miezi miwili ya mazoezi, akilala kifudifudi mara mbili kwa siku huku mtoto wa pili akitazama saa. Mguu wa bandia ukatengenezwa. Akajifunza kutembea kwenye ujia wa kliniki akishika vyuma, baadaye na mkongojo mmoja. Kikao cha sita PHQ-9 ilisoma 8. Niliandika kwenye faili: "Anaendelea vizuri. Ameikubali hali yake."

Makosa mawili ya katikati

Kikao cha nne nilimletea fomu za usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Niliona ninamfanyia jambo jema. Kadi ile ndiyo inayomfungulia mtu njia ya kuomba vifaa vya kazi na viungo saidizi, na kwa aliye na mshahara, msamaha wa kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi. Alizitazama fomu, akazikunja mara nne, akaniambia, "Madam, nikichukua hii nimekwisha." Nilimweleza tena faida zake, na tena. Akanyamaza, na kikao kilichofuata hakuja.

La pili lilikuwa mkutano wa familia. Nilikuwa nimeona kwamba dani anamkataza kupika, kufua na hata kumenya vitunguu. Nikaita kikao, nikaeleza mbele ya wifi na jirani kwamba kumfanyia mtu kila kitu kunamdhoofisha. Niliyoyasema yalikuwa kweli. Lakini mama mwenye miaka 70, aliyembeba mkwewe mgongoni kumpeleka bafuni, aliketi pale akisikiliza msichana wa hospitali akimwambia amekosea. Alisimama, akachukua kikapu chake, akaenda shambani. Mume aliahidi kwa simu kuja kikao kijacho. Hakuja.

Ziara ya nyumbani

Niliamua kwenda kwake kwa sababu msaidizi wake alinipigia kuuliza kama akubali kazi ya sare nyingi za shule moja au aikatae, maana Fundi mwenyewe hajakanyaga huko. Nilishtuka. Alama zilikuwa 8. Mguu ulikuwa tayari. Alikuwa anangoja nini?

Kwanza nilikwenda shambani kwa dani. Nilimwambia, "Mama, nilikukosea heshima mbele ya watu, nimekuja kuomba msamaha." Aliendelea kupalilia hadi mwisho wa mstari, kisha akasema twende tukanywe chai.

Ndani ya nyumba nikauona mguu wa bandia nyuma ya mlango, umefunikwa leso, kiatu kimevalishwa. Niliufunua. Soli ya kile kiatu ilikuwa safi kabisa, haina hata chembe ya vumbi, na nje ya mlango ule kuna ule udongo mweusi wa tambarare za Kano ambao haumwachii mtu kiatu. Mguu haukuwa umewahi kutoka nje. Alikuwa akiuvaa siku za kliniki tu: anabebwa mlangoni hadi kwenye tuktuk, anatembea kwenye saruji ya hospitali, anabebwa tena.

Chai ikaja. Dani akanywa, mimi nikanywa. Kikombe cha Fundi kikapoa mbele yake hadi juu kukafanya utando. Nilikiona na sikukielewa. Nilimuuliza kuhusu hofu, kuhusu macho ya watu, kuhusu kuanguka. Alijibu yote kwa upole. Nikarudi mjini na kurasa mbili za maandishi zisizonisaidia lolote.

Swali la mama wa nyanya

Wiki iliyofuata nilimwomba mama mmoja anayeuza nyanya katika soko jingine anisindikize. Alipoteza mguu miaka tisa iliyopita, chini ya goti vilevile. Nilikuwa nikimjua tangu mwanzo na ningeweza kumleta mwezi wa kwanza. Nilimweka akiba, nikiwaza kwamba mteja lazima kwanza atulie.

Alikaa, akavua mguu wake bila kuomba ruhusa, akauegemeza ukutani, akajikuna kigutu. Wakaongea kidogo kuhusu bei ya soksi za pamba. Kisha akauliza kama anayeuliza saa, "Na choo unaendaje?"

Fundi alifunika uso kwa mikono miwili.

Choo cha nyumbani ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Mguu wa bandia wa kawaida hauna kifundo kinachokunjika, na ukijaribu kuchuchumaa, ukingo wa kikombe chake, yaani sehemu ya juu inayopokea kigutu, hukata nyuma ya goti. Aliwahi kujaribu mara moja akaanguka pale ndani, akakaa sakafuni hadi mtoto aliporudi shule. Tangu siku hiyo alitumia ndoo usiku, na binti yake wa miaka 13 ndiye aliyeimwaga alfajiri kabla majirani hawajaamka. Mchana hakunywa chai wala maji ili asihitaji kwenda. Sokoni kuna choo cha kulipia shilingi 10, nacho ni cha kuchuchumaa, mlango wake umeelekea safu ya wauza samaki. Mtu atafanyaje kazi kwa muda wa saa nane mahali ambapo hawezi kujisaidia?

Miezi minne nilikuwa nikimuuliza kuhusu kukubali. Yeye alikuwa na kiu.

Tulichokifanya

Niliacha kupanga vikao ofisini. Kilichobaki kilifanyika nyumbani, sokoni na kwa mafundi.

La nyumbani lilitatuliwa na dani kabla sijafungua daftari. Alichukua kiti cha zamani cha plastiki, kijana wa jirani akakitoboa katikati kwa kisu kilichopashwa moto, miguu ya kiti ikafungwa kwenye mbao mbili ili isiteleze juu ya simiti ya choo. Alilala akifikiria, alisema. Angejua ni hilo angelifanya mwezi wa kwanza. Hakuna aliyekuwa amemwambia, kwa sababu Fundi aliona haya kumwambia mama wa mume wake, nami sikuwa nimeuliza.

La sokoni lilichukua wiki tano. Kamati ilisema wakimfanyia mmoja, kila mtu atataka yake. Nilikwenda na nakala ya kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kwa urahisi unaofaa mahali pote. Walikisoma kwa heshima wakanirudishia. Kilichowasogeza ni Fundi mwenyewe alipokuja, akasimama na mkongojo wake, akasema hahitaji pesa yao. Anaomba ruhusa ya kufunga chuma ukutani kwenye chumba kimoja na kuacha kiti cha mbao kwa mtunza choo. Pesa atatafuta. Wakakubali.

Pesa zilitoka kwenye chama, na hapa pana habari. Baada ya ajali wenzake walikuwa wamemwondolea mchango wa Ijumaa kwa huruma, na kwa kuwa hachangi, jina lake lilitolewa kwenye zamu. Tulipokaa nao mweka hazina alisema, "Tulikuhurumia, dada." Fundi akamjibu, "Hamkunihurumia. Mlinitoa." Palikuwa kimya kidogo. Wakamrudisha kwa shilingi 200 kwa wiki hadi atakaposimama, na zamu yake wakaileta mbele. Alipokea shilingi 5,700. Chuma na kumlipa mchomeleaji vilikula 900, kiti 1,200.

Cherehani ilihitaji akili nyingine. Mtaalamu wa tiba kazi, anayemsaidia mtu kurudia shughuli zake na ambaye hospitalini tunamwita OT, alikuja kibandani tukamtazama Fundi akikaa kazini. Kanyagio la cherehani huendeshwa kwa kisigino na vidole kupokezana, mbele na nyuma, na mguu wa bandia hauna mchezo huo. Alijaribu kwa mguu wa kushoto peke yake, mshono ukaruka na goti likauma kabla hajamaliza sketi moja. Tukanunua mota ndogo iliyokwisha tumika, ya kufunga pembeni, shilingi 2,800, na kitufe chake cha mguu tukakiweka kushoto. Umeme anavuta kwa jirani wa duka la M-Pesa kwa shilingi 50 kwa siku. Zilizobaki, shilingi 800, alinunua uzi na vifungo.

Alianza kwa nusu siku, mara mbili kwa wiki, akivaa mguu kwa muda wa saa mbili, akiuvua, akikagua ngozi ya kigutu kwa kioo kilekile. Siku ya kwanza mteja wa zamani alisimama mlangoni akasema, "Fundi, umerudi? Nina shati la kijana wangu."

Matokeo

Mwezi wa 11 tangu tuanze, anafanya kazi siku nne kwa wiki. Kabla ya ajali alikuwa akibaki na takribani shilingi 900 kwa siku miezi ya kawaida. Sasa ni kama 600. Mguu anauvaa kwa muda wa saa nane kwa siku. PHQ-9 ni 5. Anapika, na dani anamenya vitunguu. Binti habebi ndoo.

Mwezi wa tisa aliniuliza mwenyewe kama zile fomu za Baraza bado ziko. Alipimwa na jopo la madaktari, akapata kadi, akaomba cherehani ya pili kwa ajili ya msaidizi. Hadi ninapoandika hajapata jibu.

Kuna yasiyokaa sawa. Aprili, mvua ilipochachamaa, maji yaliingia kwenye kikombe cha mguu, ngozi ikachubuka, akakaa nyumbani wiki mbili na kipimo cha huzuni kikapanda tena hadi 11. Maumivu ya vidole visivyokuwepo hurudi siku za baridi. Goti la kushoto linaanza kulalamika. Mume hajahudhuria kikao hata kimoja, na sijui nifanyeje kuhusu hilo; Fundi huniambia niliache, nami sijaweza kuliacha.

Chumba kile cha choo sokoni kina watumiaji wengine sasa. Mtunza choo anawahesabu bila kuombwa: wazee watatu wa safu ya mboga na mjamzito mmoja.

Uchambuzi

Mfano mmoja hauthibitishi kwamba ushauri unafanya kazi. Miezi 11 ni muda mrefu, na wengine huinuka kwa muda peke yake. Siwezi kutenganisha kilicholetwa na kioo, na mota, na chama, na kiti cha plastiki. Lakini naweza kusema ni wakati gani maisha yake yalisogea na wakati gani yalisimama, na hapo kuna la kujifunza.

Kipimo changu kilikuwa sahihi na nilikisoma vibaya. Alama zilishuka kutoka 18 hadi 8 kweli. Maumivu yalikuwa yamepungua, usingizi umerudi, na zaidi ya hayo alikuwa ametulia kwa sababu alikuwa ameacha kutarajia. Mtu aliyekata tamaa ya kurudi kazini halii tena kila siku kuhusu kazi. Maswali tisa hayaulizi kama umetoka nje ya mlango. Chini yake, hata hivyo, kuna swali la kumi ambalo halina alama: matatizo haya yamekufanya iwe vigumu kiasi gani kufanya kazi, kushughulikia nyumba au kuishi na watu? Nilikuwa nikiliruka kwa kuwa halijumlishwi. Ningelisoma kila kikao, ningekwenda nyumbani kwake miezi miwili mapema.

Lililofanya kazi vikao vya mwanzo nalitetea bado. Bila usingizi asingejifunza kutembea, na bila lile swali la wazi kuhusu kufa huenda nisingekuwa na kisa cha kuandika. Ushauri wa ofisini ulimfikisha mlangoni. Kosa langu ni kudhani mlangoni ni mwisho wa safari.

Kuhusu mama wa nyanya nina masikitiko. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unazungumzia marekebisho katika kifungu cha 26, na unataja msaada wa mtu aliyepitia hali hiyohiyo pale mwanzoni kabisa. Unasema pia huduma zianze mapema iwezekanavyo na zigusie afya, ajira, elimu na ustawi wa jamii kwa pamoja. Nilikisoma kifungu hicho chuoni. Nikamweka mwenye uzoefu mwisho wa foleni kama kitoweo cha ziada, na yeye akauliza kwa dakika kumi swali ambalo mafunzo yangu yote hayakuniletea ulimini. Haikuwa kipaji. Alijua kwa sababu na yeye alikaa na kiu.

Kadi ile ile, fomu zile zile, kikao cha nne zilimfukuza na mwezi wa tisa alizitafuta. Kikao cha nne hakuwa na kitu kingine cha kujiita. Kadi ingekuwa jina lake lote. Mwezi wa tisa alikuwa tayari Fundi, na kadi ikawa karatasi ya kuombea cherehani. Sisemi usajili ucheleweshwe kwa kila mtu. Wapo wanaouhitaji wiki ya kwanza ili wapate mguu wenyewe. Ninachosema ni kwamba aliponyamaza nilipaswa kuuliza kimya kile kina nini, na badala yake nikaongeza maelezo.

Huruma ndiyo iliyonitesa zaidi kuichambua, maana hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Mto chini ya goti, kukatazwa kupika, kuondolewa mchango wa chama, na mimi niliyekuwa nikimwambia pole kila kikao: vyote vilitoka moyoni. Na kila kimoja kilimtoa mahali alipokuwa na wajibu. Akina mama wa chama walipomdai shilingi 200, alitembea na mguu wa bandia hadi sokoni siku ya Ijumaa kuzilipa mwenyewe, wiki moja kabla ya mota kununuliwa. Ndiyo mara ya kwanza soli ile iligusa udongo. Sikuipanga safari hiyo. Niliisikia kwa dani.

Kwa mwenzangu atakayeuliza la kubadilisha katika kazi: niliwahi kubishana na msimamizi kuhusu muda, kwa sababu ziara moja ya sokoni hula asubuhi nzima na kwenye ripoti huhesabiwa mteja mmoja. Nimeshindwa hoja hiyo mara mbili. Nimeweza tu kupata Alhamisi moja kwa mwezi. Mama wa nyanya sasa hulipwa nauli na chakula cha mchana siku hiyo, na huonana na mteja mpya wiki ya pili, kabla sijamaliza dodoso. Swali la choo liko ukurasa wa kwanza wa fomu yangu, juu ya swali la usingizi, na linauliza pia cha kazini ni cha namna gani na ni nani anayemsaidia.

Fundi naye ana shida mpya. Kigutu huendelea kupungua mwaka wa kwanza, na kikombe cha mguu kinakuwa kikubwa. Alianza na soksi moja, sasa anavaa tatu na bado mguu unacheza akipanda ngazi za soko. Atahitaji kikombe kipya kabla ya sare za Januari, na tunahesabu pamoja Ijumaa ngapi zimebaki hadi zamu yake ifike tena.